Matumbawe ya Shaba: Damien Hirst na Meli Isiyoaminika

Matumbawe yakitolewa majini hayakawii kufa, na yakifa rangi hutoka. Rangi ile haimo kwenye jiwe. Imo kwenye nyama laini ya polipu, wale viumbe wadogo wanaolijenga jiwe, na kwenye vimwani visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya nyama hiyo. Nyama ikioza hubaki chokaa tupu, nyeupe. Yapo machache yasiyofuata kanuni hii, kama marijani nyekundu ya Mediterania, ambayo rangi yake imo ndani ya mfupa na ndiyo maana ikatungwa shanga tangu kale. Mafundi wa Kilwa waliijua tabia hii vizuri: walikata tumbawe hai kutoka baharini, wakalichonga nakshi likingali laini, kisha likakauka likawa gumu na jeupe.

Kwa hiyo mtu wa pwani akizitazama sanamu ambazo msanii Mwingereza Damien Hirst alizionyesha Venice mwaka 2017, kinachomshtua kwanza si ukubwa wake. Ni rangi. Sanamu zimo ukumbini, hewani, chini ya taa, na matumbawe yaliyozivaa bado ni mekundu, ya buluu na ya waridi kana kwamba hayajapata habari kwamba yametolewa majini.

Maonyesho hayo yaliitwa Treasures from the Wreck of the Unbelievable. Yalifunguliwa tarehe 9 Aprili na kufungwa tarehe 3 Desemba, yakajaza majumba mawili ya tajiri Mfaransa François Pinault, Palazzo Grassi na Punta della Dogana, kwa kazi karibu 190. Kisa chake ni hiki. Mtumwa aliyeachwa huru, Cif Amotan II wa Antiokia, aliyeishi kati ya karne ya 1 na ya 2, alitajirika akakusanya vitu vya thamani kutoka pembe zote za dunia, akavipakia kwenye merikebu kubwa mno iitwayo Apistos ili vipelekwe hekaluni. Merikebu ikazama. Mabaki yake, tunaambiwa, yaligunduliwa mwaka 2008 katika pwani ya Afrika Mashariki, karibu na bandari za kale za Azania. Hirst akagharimia uopoaji, na sasa hazina hii hapa.

Hakuna hata moja lililotokea. Herufi za jina la Amotan ukizipanga upya zinatoa sentensi ya Kiingereza inayokiri kwamba yeye ni wa kubuni, na miongoni mwa hazina za kale yumo Mickey Mouse wa shaba aliyeota matumbawe. Filamu iliyofuata kwenye Netflix mwanzoni mwa 2018, iliyotengenezwa kwa sura ya filamu ya hali halisi, inaendeleza mzaha huo huo. Mabishano mengi ya wakati ule yalihusu fedha zilizomwagwa na ladha ya msanii. Hayo sina haja nayo, wala sina haja ya kumkamata Hirst kwa uongo alioukiri mwenyewe. Ninachotaka kukihakiki ni fani ya uongo huo: umetengenezwaje, na mkono wa fundi umetetereka wapi. Ninayo filamu na picha za kazi hizo mbele yangu, na zinatosha kwa swali hili.

Tuanze na mahali matumbawe yalipowekwa.

Kitu kikizama, bahari haikifuniki ovyo. Matumbawe magumu yajengayo miamba yanataka jua, kwa sababu vile vimwani haviishi bila mwanga. Basi huota upande wa juu. Chini ya kiuno cha kitu hicho, na ndani ya mapango yake, hukaa sponji na matumbawe laini yanayovumilia kivuli. Yale yaliyotandaa mithili ya wavu hujipanga kukingama mkondo, ili maji yayaletee chakula. Na sehemu iliyomezwa na mchanga au tope haioti kitu, kwani huko hakuna mwanga wala hewa, na viumbe wanaotoboa mbao na mawe hawawezi kuishi. Kwa hiyo kitu kilicholala baharini kina juu na chini, mbele na nyuma, hata kikija kusimamishwa makumbushoni baada ya karne ishirini. Mtazamaji makini anaweza kusema kililalia ubavu gani.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu uko Athens. Mwaka 1900 wazamia sponji wa Kigiriki walikuta karibu na kisiwa cha Antikythera mabaki ya meli iliyokuwa imebeba sanamu za shaba na marumaru. Marumaru zile leo zinatisha kuzitazama. Mwili uliokuwa umefukiwa mchangani ni laini, misuli yote inaonekana. Mwili uliobaki wazi umetafunwa na viumbe vinavyotoboa mawe hadi umbo limepotea. Kuna kijana mmoja wa marumaru ambaye pande hizo mbili zinakutana juu ya mwili wake, na mpaka kati yake unaonekana dhahiri. Hakuna mchongaji aliyekusudia mpaka huo. Umechorwa na kina cha mchanga.

Sasa tazama The Warrior and the Bear, mwanamke wa shaba aliyesimama juu ya dubu, urefu wake ukipita mita 7. Matumbawe yametapakaa pande zote. Hakuna ubavu uliolalia mchanga, hakuna upande uliokosa jua. Yanaota juu, yanaota chini ya mkono, yanaota mgongoni, na kila mahali yameacha nafasi ya kutosha ili tuuone mwili wa mwanamke. Ukifuata mantiki ya mpangilio huo utagundua kwamba haufuati mwanga wala mkondo. Unafuata jicho la mtu anayezunguka sanamu ukumbini, na pengine la yule anayeulizia bei. Hapo ndipo fani inapoanza kupingana na kisa. Kisa kinatuambia bahari ilifanya kazi hii kwa miaka elfu mbili. Mpangilio unatuambia ilifanywa na mtu mmoja mwenye ladha ya mapambo.

Kuna pia suala la malighafi. Shaba ni sumu kwa viumbe wengi wanaojibandika juu ya vyombo. Ndiyo maana tangu karne ya 18 meli za kivita za Uingereza zilivikwa mabati ya shaba tumboni, zisiote mwani na chaza wala kutobolewa. Sisemi kwamba shaba ikizama haioti kitu kamwe. Utando ukishaifunika na miaka ikapita, viumbe huja. Lakini wangekuja kwa kusita, wakaanza na kingo na mashimo. Hirst, mtu aliyepata umaarufu kwa kuhifadhi mizoga, alitazamiwa kuvutiwa na jambo hilo: chuma hiki kinakubali uhai, hiki kinaukataa. Ameliacha. Matumbawe yake yanaota sawasawa juu ya kila kitu, kwa sababu yenyewe pia ni shaba, imemiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi.

Nimemtaja kwa mizoga. Mwaka 1991 alimweka papa ndani ya kasha la kioo lenye formalini, na papa yule akaoza. Mwaka 2006 ikabidi atafutwe mwingine. Kuoza kule hakukupangwa, na kwa maoni yangu ndiko kulikoipa kazi ile nguvu; mnyama wa baharini alikataa kugeuzwa wazo. Katika kazi za Venice hakuna kinachoweza kukataa.

Kinachokosekana zaidi ni adui. Meli iliyozama ni mtaa wenye ugomvi. Wapiga mbizi wanaoshuka kwenye MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi nje ya Mombasa mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, wanaujua ugomvi huo, na wanaozamia meli nyingine za mwambao wanaujua pia. Chewa hukaa kwenye giza la mlango akisubiri chakula kijilete. Mkunga hutoa kichwa kwenye bomba. Kolekole hupita juu kwa kasi na vidagaa hufunga safu. Halafu yuko pono, ambaye hukwangua mwamba kwa meno yake yaliyoungana, akaacha makovu meupe, na anachokitoa tumboni ni mchanga. Fukwe zetu nyeupe zina mchango wake. Kuna kiti cha pweza wa miiba anayekula polipu na kuacha nyuma yake mifupa mitupu. Juu ya mifupa hiyo huja mwani, na juu ya mwani huja tumbawe jingine, likianza upya. Ukitazama mwamba wowote kwa utulivu unaona tabaka za vita hivi, tawi lililokufa likiwa limebeba tawi hai. Kwenye matumbawe ya Hirst nimetafuta kovu la pono nikalikosa. Yote yana umri mmoja. Yote yalizaliwa siku ile kalibu ilipofunguliwa.

Mtetezi wa Hirst atajibu kwamba hayo yote ni makusudi: rangi isiyofifia, mpangilio wa mapambo, ukosefu wa makovu, vyote ni dokezo kwa mtazamaji kwamba asiamini. Jibu hilo lina uzito, na nimelifikiria. Lakini dokezo la namna hiyo tayari tunalo, nalo ni Mickey. Mickey ni kejeli iliyotamkwa waziwazi. Anamwambia mtazamaji, ‘Cheka, umeshaelewa.’ Kama matumbawe nayo yangekuwa kejeli, yangechekesha kwa namna yake yenyewe, yangekuwa ya kupita kiasi, au yangeota kinyumenyume. Hayachekeshi. Yanajitahidi kwa bidii kubwa kuwa mazuri na ya kweli, fundi ameiga vitundu vya polipu kimoja kimoja, na bidii hiyo ndiyo inayoyaumbua. Mzaha wa Mickey ni wa mwandishi. Kosa la matumbawe ni la karakana, na mzaha hauwezi kulifidia.

Jambo moja nalisifu katika upande huu wa kazi. Baadhi ya sanamu zinarudi mara tatu: kwanza zikiwa zimefunikwa matumbawe, kisha zikiwa safi kana kwamba zimekarabatiwa, kisha zikiwa nakala ya kisasa ya makumbusho. Huo ni usimulizi mzuri bila maneno. Mtazamaji anapita kutoka chumba kimoja hadi kingine akiuona muda ukirudi nyuma, na anabaki akijiuliza ipi kati ya hizo tatu ni ya asili, hali zote tatu zilitengenezwa wakati mmoja.

Lakini kazi iliyo bora kuliko zote katika maonyesho hayo haikuwa sanamu. Ilikuwa picha, zile kubwa zilizowekwa ndani ya visanduku vyenye taa, zikiwaonyesha wapiga mbizi na hazina chini ya maji.

Zilipigwa na Christoph Gerigk, na jina hilo ni muhimu kwa uhakiki. Gerigk ndiye mpiga picha ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na mwanaakiolojia wa chini ya maji Franck Goddio katika Ghuba ya Abu Qir nchini Misri, kwenye mji wa Thonis-Heracleion uliozama na ukagunduliwa mwaka 2000. Kutoka huko iliibuliwa sanamu ya Hapi, mungu wa mafuriko ya Nile, mita 5.4 za granaiti nyekundu. Vitu hivyo vilionyeshwa British Museum mwaka 2016, mwaka mmoja tu kabla ya Venice, na picha za Gerigk zilizunguka duniani: mpiga mbizi akielea uso kwa uso na kichwa cha jiwe, tochi mkononi, macho ya aliye hai yakikutana na macho ya asiye hai. Hirst hakuiga mtindo huo. Alimwajiri mwenyewe. Kwa hiyo picha za Venice zina sarufi ileile ya picha za Misri, na jicho letu, lililokwisha kuzoezwa na ukweli, linausoma uongo kwa mazoea yaleyale.

Angalia zinavyofanya kazi. Mwili wa mpiga mbizi unatupa kipimo. Bila yeye hatujui sanamu ni ya sentimita au ya mita. Ulalo wake unapingana na wima wa sanamu, na mstari huo unaokatiza ndio unaoifanya picha ipumue. Halafu mapovu. Mapovu ni saa ya picha hizi. Mtu aliye mita 30 chini anavuta hewa ya shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji, na mtungi wake unakwisha mara nne upesi; kila povu ni hewa iliyokwisha kulipwa. Tunamwona akitazama, na tunajua hawezi kutazama kwa muda mrefu. Sanamu ukumbini hazina dharura hiyo. Unaweza kuzizunguka mchana kutwa, na ndiyo maana unachoka nazo baada ya dakika tano.

Kisha tena rangi. Maji hunyang’anya wekundu kwanza. Ukishuka, nyekundu inageuka kijivu hata kabla hujafika kina kikubwa, na hurudi pale tu taa inapogusa. Katika picha, basi, rangi ya matumbawe inatokea mahali taa ilipofika, na pengine pote ni buluu inayoyeyuka gizani. Matumbawe yaleyale ya shaba ambayo ukumbini yanapiga kelele, hapa yamenyamazishwa na maji, na yanapong’aa yanang’aa kwa sababu iliyomo ndani ya picha. Bahari imemsaidia mpiga picha kwa kumpunguzia rangi.

Picha moja inaonyesha wapiga mbizi wanne wakiwagundua Hydra na Kali: mwanamke mwenye mikono sita na mapanga, akipambana na joka la vichwa saba. Sanamu imesimama wima kabisa chini ya bahari. Ni upuuzi, bila shaka. Merikebu ikipinduka na shehena yake, vitu havitui kwa miguu. Lakini katika picha upuuzi huo unasameheka, kwa kuwa pambano linahitaji kusimama, na wapiga mbizi wanne wanaozunguka wanakuwa watazamaji wa pigano lililokuwa likiendelea bila hadhira. Nyingine inamwonyesha mpiga mbizi akimbeba Mickey mikononi. Kwa hesabu, haiwezekani kirahisi: bahari huipunguzia shaba iliyojaa maji karibu sehemu moja tu ya tisa ya uzito wake, na katika uopoaji wa kweli vitu vizito huinuliwa kwa mifuko ya hewa na kreni. Lakini mpiga mbizi mwenyewe anaelea, na sisi tunakikopesha alichobeba wepesi wake. Hapo mzaha wa Mickey unapata huzuni ambayo sanamu yenyewe haina: mtu amehatarisha pumzi yake kumwokoa katuni.

Picha hizo zinafaulu kwa kuwa ndani yake kuna kitu kimoja ambacho Hirst hakukibuni, nacho ni maji.

Limebaki suala la mahali. Kichwa cha dhahabu cha mwanamke kiliwaudhi watu kwa kufanana mno na vichwa vya kale vya Ife, Nigeria. Msanii wa Nigeria Victor Ehikhamenor, aliyekuwa Venice mwaka huohuo katika banda la kwanza kabisa la nchi yake kwenye maonyesho ya Biennale, alilalamika hadharani kwamba watazamaji wengi wataondoka wakikijua kama kazi ya Hirst. Malalamiko yale yalisikika sana, nami nayaunga mkono. Sisi wa mwambao tuna letu, dogo zaidi na la kifani. Kisa kinasema Azania, kinasema Afrika Mashariki, na pwani nzima inabaki anwani isiyo na mlango. Hirst alihitaji bahari yenye joto ili matumbawe yaote, na umbali wa kutosha ili mtazamaji wa Ulaya asiulize maswali.

Ajabu ni kwamba karne aliyoichagua ina maandishi yake. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus wa Bahari ya Eritrea, unaieleza Azania: soko la Rhapta, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu na magamba ya kasa yaliyouzwa, mikuki na shoka zilizoletwa, na manahodha Waarabu waliojua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Ndani ya aya chache za mwongozo huo mna watu wengi kuliko waliomo katika kisa chote cha Amotan. Merikebu ya Apistos ingepita mbele ya watu hao. Mtu angeiona ikizama. Msimulizi mwenye njaa ya uongo mzuri asingeacha kumtumia shahidi kama huyo.

Na mabaki ya kweli tunayo. Mwaka 1697, Fort Jesus ikiwa imezingirwa na Waomani, meli ya kivita ya Wareno Santo António de Tanna, iliyojengwa Bassein huko India mwaka 1681, ilizama chini ya ngome hiyo, ndani ya bandari ya Mombasa. Wanaakiolojia walioongozwa na Robin Piercy waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Hakuna dubu wala joka katika walichokitoa. Kuna vyungu, kauri na mbao, vitu vya watu waliokuwa kazini, na sehemu kubwa ya gamba la meli ilisalia kwa sababu ililalia tope.

Kwa uamuzi wangu, katika kazi karibu 190 za Venice zinazostahili kubaki ni visanduku vya taa na zile sanamu zilizorudiwa mara tatu; shaba nyingine yote ingeweza kuyeyushwa bila hasara. Msomaji aliye Mombasa, au atakayepita huko, namwomba aingie makumbusho ya Fort Jesus avitazame vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna.